Shangazi, niliuza picha ya maiti; sasa mtaa unanijibu salamu nusu

Assalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Langoni hapa Lamu, nimeoa na nina mtoto mmoja. Riziki yangu ni kamera. Sijaajiriwa, ni wale waandishi wa mashinani tunaolipwa kwa kila habari iliyopita hewani. Isipopita huna lako, hata kama ulitia mafuta ya boti mpaka Kiunga na kurudi. Vifaa vyangu ni simu, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, na kijiti cha kushikia. Harusi napiga, Maulidi napiga, mbio za punda napiga, na kaunti ikifungua choo cha soko pia napiga.

Yaliyonifika ni haya. Kusi hii, kijana mmoja niliyesoma naye chuo cha Kurani tukiwa wadogo alitoka na dau lake kuvua nje ya Shela, bahari ikachafuka. Dau lilipatikana limepinduka, yeye hakupatikana. Wavuvi wenzake walimtafuta siku mbili. Siku ya tatu, watu wakitoka kuswali adhuhuri, boti moja iliingia gatini na turubai la buluu limelazwa katikati.

Nilikuwa hapo gatini. Nilipiga boti ikikaribia, nikapiga watu wakishuka ngazi kwenda kuipokea, nikapiga turubai. Upepo ukaliinua pembe moja. Shangazi, mkono wangu haukutetemeka. Nilivuta picha karibu. Nilipiga mkono, nikapiga fulana ya manjano yenye nambari 10, nikapiga uso, au pale palipokuwa na uso. Mwili uliokaa baharini siku mbili sina haja ya kukueleza.

Nilituma klipu tisa kwenye dawati la habari. Nikamwandikia mhariri, "Kuna nyingine ni kali, tazama kabla ya kutumia." Akanijibu kwa dole gumba. Taarifa ya saa moja ikaja, msomaji akasema yale maneno yao kwamba baadhi ya picha huenda zikakusumbua, kisha ikapita, kama sekunde 40. Usoni waliweka ukungu. Fulana waliiacha wazi. Mkono waliuacha wazi, na pete ya fedha ikionekana kidoleni.

Saa hiyo maiti alikuwa bado hajaswaliwa. Na sikujua kwamba nyumbani kwao wazee walikuwa wameshapanga namna ya kumwambia dada yake mdogo, aliyeolewa Malindi. Ana mimba ya miezi saba. Hata kwamba kaka amepotea baharini hakuwa ameambiwa. Mpango ulikuwa apigiwe asubuhi, aambiwe kaka hajisikii vizuri, apande basi, akifika Mokowe amkute mama mkubwa amekaa anamngoja.

Dada anafanya kazi saluni. Saa moja ile alikuwa anampaka mteja piko, na TV iko ukutani. Ile fulana ya manjano alimnunulia yeye, soko la Malindi, na pete ni ya marehemu babu yao. Alimpigia mama yake akamuuliza, "Mama, mbona kaka yuko kwenye TV?" Mama simu ilimponyoka. Haya nimeyasikia kwa watu, mimi sikuwapo, lakini kila anayenisimulia huyasimulia vilevile.

Mimba iko salama, alhamdulillahi. Dada amekuja, amekaa matanga yote, na wanasema haongei.

Tangu siku hiyo nikipita barazani natoa salamu, wananijibu "Alaykum," kisha kimya mpaka nipite. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Mama yangu aliniuliza swali moja tu: "Na hayo mato yako hayakufumba?" Malipo yaliingia kwa M-Pesa siku ya tatu, shilingi 1,500. Nikamnunulia mchele, na mpaka leo mfuko uko pembeni ya jiko, haujafunguliwa.

Sasa Shangazi, mimi najitetea hivi, na uniambie kama najidanganya. Kwanza, mhariri ndiye aliyeamua, si mimi. Aliniandikia "kazi safi". Pili, kabla ya alasiri vijana wengine walishaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, na hao hakuna anayewanunia. Tatu, wiki ile redio ndipo zilipoanza kuuliza kwa nini mji wa bahari kama huu watu wake wakipotea hutafutwa na wavuvi wenzao na si boti la uokozi. Mkubwa wangu wa kazi anasema bila picha ile hakuna ambaye angeuliza. Na wakati wa Shakahola mwaka 2023, ule msitu walikofukuliwa wafuasi wa mhubiri waliokufa kwa njaa, nilikwenda Malindi kumsaidia mwenzangu, tukapiga yale makaburi wiki nzima, na hakuna aliyetuambia tumekosea. Watu walisema tusipoonyesha, dunia haitaamini.

Kituo sasa kinataka likitokea jambo niingie mubashara kwa simu yangu, na malipo ni mara mbili.

Je, kosa ni langu? Niende kwao kuomba radhi, au nitatonesha kidonda? Niache kazi hii? Klipu zote tisa bado ninazo.

Mpiga picha wa Langoni

* * *

Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba.

Nianze na lile dole gumba la mhariri, maana naona umeliegemea sana. Wewe ulimwandikia "tazama kabla ya kutumia". Mtu hamuonyi mwenzake juu ya kitu anachokiona cha kawaida. Basi ulishajua, ukamtumia, na ukamtupia yeye uamuzi kama mtu anayemkabidhi mwenzake chungu cha moto halafu anashangaa kimeungua. Hayo ni yako.

Ya mhariri ni makubwa zaidi, na sitamfichia. Yeye ana muda, ana mashine ya kuweka ukungu, ana mkubwa wake wa kumuuliza. Alichofanya ni kuziba uso akadhani mtu anatambulikana kwa uso. Huko anakokaa labda. Kwetu mtu humtambua kwa mwendo akiwa mbali, kwa kikoi anavyokifunga, kwa kikohozi nje ya mlango. Dada alimtambua kwa fulana aliyoilipia mwenyewe na pete ya babu. Mhariri hakujua fulana ile ni ya nani. Wewe ulijua. Ndiyo sababu kituo kinakutaka wewe na si mtu wa kutoka nje: unajua mlango wa nani uko wapi, nani kaolewa Malindi. Ujuzi huo ulikuwa nao pale gatini, ukauweka mfukoni, ukafanya kazi kama mgeni.

Baba yangu mdogo alipofariki mimi nilikuwa Mombasa. Nilipigiwa simu nikaambiwa ana homa, anataka kuniona, nije. Safari nzima nilijiambia homa ni homa. Nilipofika stendi niliwakuta binamu zangu watatu wamesimama na mabuibui yao, hakuna aliyefungua mdomo. Mmoja akaninyooshea mkono akachukua mkoba wangu. Kwa namna alivyouchukua ule mkoba, nikajua. Nikalia, na nilipolia palikuwa na mabega matatu. Miaka imepita, na mpaka leo namshukuru aliyenichukulia mkoba.

Wageni huuona ule kuwa uongo. Si uongo, ni mpango wa nani awe karibu wakati habari inatua. Habari ya kifo kwetu ina mwenyewe. Msikiti hautangazi mpaka watu wa nyumbani wamepeleka ujumbe. Hata yale matangazo ya vifo ya redio ya taifa, tuliyokuwa tukiyasikiliza wakubwa wakitunyamazisha, yenye orodha ya ukoo mzima, fulani kaka wa fulani mkwe wa fulani, yaliandikwa na wenye msiba na yalilipiwa na wenye msiba. Chombo kilikuwa tarishi. Wewe na mhariri wako mmemnyang'anya mama mkubwa kazi yake, aliyekuwa akae Mokowe kungoja. Hilo ndilo mtaa unalokununia, na ukilielewa utaona kwa nini wale vijana wa WhatsApp wameachwa.

Maana klipu ya WhatsApp mtu huikana. Itamfikia dada, atasema si yeye, ni ya zamani, ni ya Msumbiji, hizi video za uongo. Atapiga simu nyumbani kuuliza na mtu mwenye hekima ataipokea. Taarifa ya saa moja haikaniki. Ina msomaji aliyevaa suti, ina jina la Lamu limeandikwa chini. Ndiyo nguvu ya TV, na ndiyo sababu hamuwezi kujificha nyuma ya vijana wenye simu.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Januari 2019 magaidi waliposhambulia hoteli ya DusitD2 pale Nairobi na kuua watu 21, gazeti la New York Times lilitoa picha ya watu waliouawa wakiwa bado wameinamia meza zao. Wakenya tuliwaka. Baraza la Vyombo vya Habari likalitaka gazeti liiondoe picha na kuomba radhi. Gazeti likajitetea kwamba wasomaji wanapaswa kuona sura halisi ya tukio. Tukawauliza kama wangewachapisha maiti wa kwao vile. Na mimi niliuliza, kwa herufi kubwa. Kwenye kundi hilohilo la WhatsApp nililokuwa naandikia matusi yangu, mtu alikuwa ametuma asubuhi yake picha mbaya kuliko ile, na sote tulikuwa tumeifungua, wengine tumeisambaza. Hakuna aliyemkemea. Hasira yetu ilikuwa na mlango mmoja, wa kutokea kwa wageni. Kwa hiyo nikikusema, nikijisema.

Mji wako una watu ambao kazi yao ni kuona maiti. Waosha. Muosha anaona yote: alama, jeraha, kilichovimba, kilichobadilika rangi. Anaosha chini ya shuka, na akitoka pale, ukimuuliza marehemu alikuwaje, atakwambia "alhamdulillahi" na atazungumza mengine. Sijapata kusikia Lamu wala Malindi muosha aliyekaa barazani akasimulia. Na mnajua msemo, muosha huoshwa. Wewe siku ile ulikuwa umesimama pale anaposimama muosha, mbele yake hata, kwa sababu ulimwona kabla ya yeye. Mama yako alipokuuliza juu ya macho yako hakuwa anauliza kwa nini uliona. Mtu gatini hawezi kutoona.

Sasa hoja yako ya boti la uokozi. Hii nimeikalia, kwa sababu ni ya kweli nusu.

Niambie: katika klipu tisa, ngapi ni za wale wavuvi waliotafuta siku mbili? Barua yako ina mkono, ina fulana, ina turubai, na wavuvi wamepata sentensi moja. Walitoka saa ngapi? Walilala baharini? Mafuta yalitoka mfuko wa nani? Nani alipiga simu serikalini, akajibiwa nini? Wale ndio habari. Mkono wa marehemu haumwambii mtazamaji kwamba boti la uokozi halikuja. Unamwambia mtu amekufa, jambo ambalo msomaji alishalisema kwa maneno manne. Gati tupu, mvuvi aliyechoka anayeinamisha dumu la mafuta kuona kama kuna tone: hiyo ingewauma waliotakiwa kuumia, na dada angeitazama bila kujua ni kaka yake.

Na Shakahola, ambayo umeileta kama shahidi wako, mimi naiona ni shahidi wangu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule kuanzia Aprili 2023. Dunia iliamini. Na nilichokiona mimi kwenye TV, usiku baada ya usiku, ni watu waliovaa mavazi meupe mwili mzima na barakoa, sepeto, mafungu ya udongo mwekundu katikati ya vichaka, mifuko imefungwa zipu. Sikuona uso hata mmoja, na sikulala vizuri mwezi mzima. Kilichonitoa machozi ni watu waliokuja Malindi kutoka bara, wametoa sampuli za DNA, wamekaa chini ya mti na picha ya pasipoti ya mtoto mkononi. Miili ya kwanza walikabidhiwa Machi 2024, karibu mwaka mzima. Kamera zilionyesha kungoja kule, na kungoja ndiko kulikokuwa habari. Ukisema mlipiga wiki nzima na hakuna aliyewalaumu, tazama tena mlichopiga.

Sisemi maiti asionyeshwe abadan. Mwaka 1955 huko Marekani, mtoto mweusi wa miaka 14, Emmett Till, alitekwa na kuuawa Mississippi, uso wake ukaharibiwa kabisa. Mama yake, Mamie Till, aliagiza jeneza liachwe wazi kwenye mazishi Chicago, ili watu waone mwanawe alivyofanywa. Maelfu wakapita mbele yake, jarida la Jet likachapa picha, na Wamarekani weusi wengi walisema baadaye picha ile ndiyo iliyowatia kwenye harakati za kudai haki. Basi ipo picha ya maiti inayostahili. Lakini aliyelifungua lile jeneza ni mama, kwa akili zake, baada ya kumwona mwanawe mwenyewe kwanza. Kwako wewe turubai lilifunguliwa na upepo.

Sheria nitaigusa tu, kwa sababu naona si hiyo inayokunyima usingizi. Kanuni za maadili zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilisema wazi kwamba picha za miili iliyoharibika na za damu ziepukwe isipokuwa zina manufaa kwa umma, na inapowezekana watazamaji waonywe. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano nazo zinahesabu kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne usiku kuwa saa za kulinda watoto. Taarifa ya saa moja, ambayo nyumba nyingi huitazama na watoto wakila chakula cha usiku, iko ndani kabisa ya saa hizo. Na lile onyo la msomaji lilikuwa la kutimiza desturi. Mwanamke ana koni ya piko mkononi, mkono wa mteja umelala mapajani pake, rimoti iko kwa mwenye saluni. Aonywe afanye nini?

Mubashara ndiyo niliyoiogopa zaidi katika barua yako yote, na umeiandika kama kitu cha kupita. Septemba 2012, kituo cha Fox News cha Marekani kilikuwa kinafuatilia mubashara polisi wakimkimbiza mtu kwa gari kutoka Phoenix, Arizona. Walikuwa wametega picha ichelewe sekunde tano ili likitokea baya waikate. Mtu yule akashuka akakimbia, mtangazaji Shepard Smith akaanza kupiga kelele waikate, na hawakuiwahi. Akajiua hewani. Smith akaomba radhi papo hapo. Kile ni kituo kikubwa, chenye watu chumba kizima na mtambo wa kuchelewesha. Wewe una simu na kijiti. Pale gatini, kati ya upepo kuinua turubai na saluni ya Malindi kuona, pasingekuwa hata na lile dole gumba.

Kwa hiyo mubashara ya Maulidi ichukue, ya mashindano ya madau ichukue, ya hukumu mahakamani ichukue na malipo yake mara mbili. Penye ajali, moto, au risasi, mwambie mhariri kwa maandishi kwamba unarekodi na kutuma, huingii hewani. Akikukata kwa sababu hiyo, atakuwa amekukata mapema.

Klipu zifute leo. Zifute kwenye simu, kwenye lile pipa linalohifadhi zilizofutwa, na kwenye gumzo lako na mhariri. Ujumbe wa maandishi usiufute, utauhitaji. Kisha mwandikie mhariri aiondoe habari ile kwenye ukurasa wa YouTube wa kituo, maana naamini bado iko pale, na kila siku ikiwa pale dada anaweza kuletewa tena na mtu asiye na akili. Usiende kwao kabla hujapata jibu la hilo. Radhi ya mtu ambaye picha yake bado inazunguka ni maneno.

Kwenda, utakwenda. Kidonda unachoogopa kukitonesha hakijafunga. Usiende peke yako kama anayekwenda kuhoji. Mtafute mzee mmoja wanayemheshimu, mwalimu wenu wa chuo kama yuko hai, atangulie kuomba ruhusa. Mkikubaliwa nendeni baada ya alasiri, siku isiyo Ijumaa, na simu iache nyumbani. Usiizime tu, iache. Ukifika useme, "Nilimpiga picha, nikaituma, nilijua ni kali, na nilijua ni yeye." Hapo unyamaze. Neno "lakini" likikujia limeze. Usimtaje mhariri mpaka wakuulize.

Wakikuuliza, waambie na hili, hata kama litakuchoma: wana haki ya kukishtaki kituo kwenye Tume ya Malalamishi ya Vyombo vya Habari, na wewe utawapa ule ujumbe uliomwandikia mhariri na dole gumba lake kuwa ushahidi. Huenda ukapoteza kazi za kituo hicho. Ndiyo bei.

Dada usimtafute. Usimpigie, usimwandikie, usimtume mtu kumwangalia kama anaongea. Mpe salamu zako za radhi kupitia mama mkubwa, na mama mkubwa ataamua lini, pengine baada ya kujifungua, pengine kamwe. Yule mama alishanyang'anywa kazi hiyo mara moja.

Kazi usiache. Ukiiacha, wataleta kijana mwingine asiyejua dau la nani ni lipi.

Na zile shilingi 1,500. Mama yako hataufungua ule mfuko wa mchele, usimlazimishe. Mpe jirani mwenye watoto wengi. Wenye msiba usiwapelekee pesa hiyo hata kidogo, itakuwa umewalipa. Tafuta 1,500 nyingine katika harusi utakayopiga mwezi huu, uwapelekee wale wavuvi, uwaambie ni mchango wa mafuta. Watakataa kwanza. Kaa nao. Waulize walichoma lita ngapi siku zile mbili, na nani walimpigia simu asipokee. Uliza kama unaweza kuandika.